Mazingaombwe mepesi ya sarafu: uzi wa mikono, vidole na macho

Kiganja Wazi (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Uzi huu ni wa kujifunza mazingaombwe mepesi ya sarafu, yale ya kuwachangamsha watu mkiwa mmekaa pamoja. Hakuna dawa wala hirizi humu. Ni kiini macho cha vidole kumi, na mwenye subira ya wiki mbili tatu anakipata. Naanza na msingi, wenye ujuzi waongezee na kusahihisha.

Sarafu kwanza. Wanaoanza hukimbilia iliyo ndogo wakidhani itafichika kirahisi, kumbe ndogo ndiyo inayosumbua. Inaponyoka katikati ya vidole, na aliyekaa mita mbili kutoka kwako haioni, kwa hiyo hata ikitoweka hana cha kushangaa. Tafuta yenye kipenyo cha milimita 25 hadi 31. Wanamazingaombwe wengi wameizoea nusu dola ya Marekani, ambayo ina milimita 30.6 na gramu 11.34. Euro 2 ina milimita 25.75 na gramu 8.5, inawafaa wenye mikono midogo. Uzito una maana yake: nyepesi mno hujui imekaa wapi bila kuangalia, na ukiangalia umeshajitoboa. Angalia pia ukingo. Wenye meno hushika ngozi, ulio laini huteleza.

Sasa jifunze kuificha kwa vidole kabla ya jambo lolote. Geuza kiganja juu. Laza sarafu kwenye mashina ya kidole cha kati na cha pete, pale vidole vinapokutana na kiganja. Kunja vidole hivyo viwili kiasi tu, kama mkono unavyojikunja wenyewe ukiuning'iniza ubavuni. Sarafu itabanwa na mkunjo huo. Gumba halihusiki hata kidogo. Kidole cha shahada kiache kinyooke kuliko vingine, maana mkono wenye kidole kimoja kilichonyooka haufanani na mkono unaoficha kitu. Kisha geuza mkono, mgongo wake uwatazame watu.

Ukiwa umeibana hivyo, fanya kazi za kawaida: funga vifungo vya shati, shika glasi, fungua mlango, andika. Usiendelee na mbinu nyingine mpaka usahau kwamba sarafu ipo. Hapo ndipo wengi hukosa subira.

Mkono wa Kushoto

Asante kwa uzi mkuu. Naongezea mbinu ambayo karibu kila mtu huanza nayo, mdondosho wa Kifaransa. Naieleza kwa anayetumia mkono wa kulia, wa kushoto ageuze tu.

Kiganja cha kushoto kinatazama juu. Sarafu imeshikwa kwa ukingo kati ya ncha ya gumba na ncha za vidole vya shahada na kati, imelala sambamba na sakafu. Vidole vyote vinne vishikane. Vikiachiana, mwanya huo ni dirisha la mtazamaji.

Mkono wa kulia unakuja kiganja chini. Gumba lake linapita chini ya sarafu, kwenye upenyo ulio kati ya gumba la kushoto na vidole. Vidole vyake vinapita juu na mbele ya sarafu. Kuna kipande kifupi cha muda, chini ya nusu sekunde, ambapo vidole vya kulia vimeikinga sarafu isionekane kabisa. Hapo gumba la kushoto linalegea. Linalegea tu, halisukumi. Sarafu inashuka kwa uzito wake na kutua kwenye mashina ya vidole, palepale alipopaeleza mwanzisha uzi. Mkono wa kulia unajifunga kama umeichukua, unainuka na kwenda zake kulia. Macho yako yanakwenda nao. Wa kushoto unageuka polepole mgongo kwa watu, kisha unashuka.

Makosa yanayoiua mbinu hii ninayoyaona mara nyingi ni haya. Sarafu ikianguka kutoka juu sana inapiga kiganja kwa sauti; kunja vidole vya kushoto zaidi, ishuke sentimita 2 au 3 basi. Lingine ni mkono wa kulia kuharakisha, ukinyakua kama paka. Hakuna mtu anayechukua sarafu yake mwenyewe kwa pupa. La tatu ni gumba la kulia kutojikunja. Ngumi iliyoshika kitu kweli gumba lake hulala juu ya vidole na kubana, ila ngumi ya kuzuga gumba huachwa likielea. Watu hawawezi kukwambia wameona nini, lakini wanajua.

Mgeni Mezani

Mdondosho naufanya, sarafu haionekani ikianguka, lakini kila mara naambiwa "hebu fungua na huo mkono mwingine". Tatizo liko wapi?

Kiganja Wazi

@Mgeni Mezani, kama sarafu haionekani ikianguka basi shida haipo kwenye mkono unaoficha, ipo kwenye mkono mtupu. Hili nalisisitiza kwa wote: mkono mtupu ndio unaofanya mazingaombwe. Wa kuficha kazi yake ni kukaa kimya tu.

Fanya hivi. Chukua sarafu kweli kwa mkono wa kulia mara kumi, bila kuzuga chochote, na ujitazame. Ngumi inakaa umbali gani na kifua? Vidole vimebana kiasi gani? Kiwiko kimeinuka? Bega je? Mara ya 11 zuga, ukifanya yaleyale. Utashangaa kuona kwamba ulipokuwa unazuga ngumi ilikuwa imelegea, tena iko juu kuliko kawaida, kama imeshika hewa. Sarafu ina unene na uzito. Ngumi lazima iache nafasi ya unene huo na ishuke kidogo kwa uzito huo.

La pili ni sababu. Sarafu inatoka kushoto kwenda kulia kwa nini? Ukiihamisha bila sababu, akili ya mtazamaji inajiuliza swali hilohilo, na jibu lake ni "anaficha". Upe mkono wa kushoto kazi. Weka kalamu kwenye mfuko wa kushoto wa suruali. Ukishazuga, sema unahitaji kalamu, ingiza mkono wa kushoto mfukoni, acha sarafu humo, toka na kalamu. Gonga ngumi ya kulia mara moja, fungua: hamna. Akisema "fungua na mwingine", unao kalamu tu, na kalamu unampa aikague.

La tatu, usifungue ngumi mapema. Mpe sekunde tatu nne za kuamini kwamba sarafu imo. Itikise, ipulizie, muulize ni upande gani ulikuwa juu. Akishajibu, ameshakubali mwenyewe kwamba imo humo.

Mng'aro

Naunga mkono la mkono mtupu. Kwa walioiva kidogo ipo mbinu nyingine nzuri kuliko mdondosho, inayotumia mwanga. Sarafu imeshikwa na mkono wa kulia kwa ncha za gumba na shahada, uso wake kwa watazamaji. Unaiweka kwenye kiganja cha kushoto kilicho wazi, vidole vya kushoto vinaanza kujifunga juu yake kuanzia kidole cha mwisho. Sarafu inabaki ikionekana mpaka vidole vya kushoto vinapoifunika. Wakati huohuo vidole vya kulia vinaivuta nyuma na kuibana, mkono unatoka. Jicho hubaki na picha ya kitu king'aacho kwa muda mfupi mno baada ya kitu chenyewe kuondoka, na mtazamaji anaapa aliiona ikiwa ndani.

Inataka vitu viwili. Sarafu isuguliwe ing'ae, na taa iwe mbele yako au juu, isiwe nyuma yako. Ukifanya ukiwa na dirisha mgongoni, sarafu inakuwa kivuli cheusi na mbinu yote inakufa. Mwendo nao uwe mmoja tu: mkono uingie na utoke bila kusimama. Ukisimama katikati, picha inapotea.

Kiwiko

Wakuu mnawatisha wanaoanza. Ya kwanza kabisa kumfundisha mtu iwe ile ya kusugua sarafu kwenye mkono, kwa sababu kosa lenyewe ni sehemu ya mchezo.

Kaa mezani. Kunja mkono wa kushoto, egemeza kiwiko mezani, mkono huo uguse shingo karibu na ukosi. Kwa mkono wa kulia sugua sarafu kwenye sehemu ya juu kidogo ya kiwiko, ukisema itapenya ngozi. Iache iponyoke ianguke mezani, kana kwamba imekuponyoka kweli. Iokote kwa mkono wa kulia, anza upya. Iache ianguke tena. Safari hii mikono yote miwili inashuka mezani, na wa kushoto ndio unaoiokota na kujifanya unaikabidhi kwa wa kulia. Kumbe imebaki kushoto. Kushoto unarudi shingoni, kulia unasugua kwa nguvu. Sugua, sugua, kisha ondoa vidole kimoja kimoja. Haipo. Wakati wanakodolea kiwiko, mkono wa kushoto unaidondosha ndani ya ukosi, mgongoni. Mikono yote ni mitupu na hakuna cha kukagua.

Inafanya kazi kwa sababu kule kuanguka mara mbili kunawafanya walegeze macho. Mtu hamchungi anayeokota kitu kilichomponyoka. Shati lichomekwe, la sivyo sarafu inatokea chini sakafuni, na fulana yenye shingo ya kubana haifai kabisa.

Leso

Kiwiko umenena. Kwenye kundi hilohilo la mepesi kuna sarafu kupenya leso. Tafuta leso ya mraba ya sentimita 40 hadi 50, kitambaa kisichopenyeza mwanga.

Shika sarafu wima kwa ncha za vidole vya kulia, uso wake kwa watu, gumba likiwa upande wako. Funika kwa leso, katikati yake iwe juu ya sarafu. Hapo mkono wa kushoto unajifanya unarekebisha kitambaa, na gumba la kulia linabana kimkunjo kidogo cha leso, sentimita moja inatosha, nyuma ya sarafu. Siri nzima ni kimkunjo hicho.

Sasa shika ncha ya leso iliyo upande wa watu, iinue, irudishe nyuma juu ya mkono wako wa kulia. Wanaiona sarafu bado ipo. Kisha kamata ncha zote mbili zilizolala juu ya mkono wako, ile uliyorudisha sasa hivi na ile iliyokuwepo, uzilete mbele pamoja. Leso inaonekana imefunika kama mwanzo, lakini sarafu sasa iko nje, upande wako, imeshikwa na kile kimkunjo. Zungusha kitambaa chini ya sarafu mara mbili tatu, umbo lake lionekane, mwache mtu aliguse kwa mbele. Halafu isukume taratibu kwa gumba, itokeze kama inayochomoza.

Kosa ni moja, nalo hurudi kila mara: kuleta mbele ncha moja badala ya mbili. Ukileta moja, sarafu imebaki ndani na huna la kufanya ila kuanza upya. Pia asikae mtu ubavuni kwako. Mbinu hii inawataka watu mbele tu.

Mgeni Mezani

Asanteni sana. Mazoezi ni bora mbele ya kioo au kwa kujirekodi na simu?

Mng'aro

Kioo. Unaona kosa hapohapo na kulirekebisha.

Mkono wa Kushoto

Sikubaliani mkuu. Kioo kinafaa siku tatu za mwanzo za kutafuta pembe, baada ya hapo kinaharibu. Kuna tabia mbili hujengeka. Ya kwanza ni kupepesa macho sekunde ileile unayozuga, ili usijione. Mtu anapepesa bila kujua, na kioo hakiwezi kumwonyesha maana macho yake yamefumba. Ya pili ni kuzoea kutazama mbele kwenye kioo, wakati mchezo unataka utazame ngumi. Simu ina ukweli wote. Iweke kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa, rekodi, kisha tazama bila sauti, na urudie ukisikiliza sauti peke yake. Sauti itakwambia kama sarafu inagonga pete au saa.

Mng'aro

La kupepesa macho nakubali, ni kweli kabisa. Basi tuseme kioo kwanza, simu baadaye.

Kiganja Wazi

Na mfuko pia. Mfaransa Robert-Houdin (1805–1871), fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe na kuheshimiwa mpaka leo katika fani hii, alizoeza vidole vyake ndani ya mifuko ya koti akiwa matembezini. Vidole hujifunza vizuri macho yasipowasimamia. Fanyia mazoezi juu ya kitanda au taulo iliyokunjwa, sarafu ikianguka isibingirike chini ya kabati na kukukatisha.

Bati

Nawaletea ya hadhira kubwa kidogo, na ni rahisi kuliko inavyoonekana. Inaitwa ndoto ya bahili: mtu anachuma sarafu hewani na kuzidondosha kwenye chombo. Mmarekani T. Nelson Downs (1867–1938), aliyekuwa mpiga telegrafu wa reli kabla ya kupanda jukwaani, ndiye aliyeifanya ivume.

Chukua ndoo ndogo ya bati au kopo kubwa, mdomo uwe na upana wa sentimita 15 au zaidi. Plastiki haifai, sauti ndiyo roho ya mchezo huu. Mkono wa kushoto unashika chombo gumba likiwa nje na vidole ndani, na vidole hivyo vimebana sarafu 6 au 7 zilizopangana kwenye ukuta wa bati. Mkono wa kulia una sarafu moja tu, imefichwa kwa vidole.

Nyoosha mkono wa kulia hewani, sukuma sarafu kwa gumba mpaka kwenye ncha za vidole: umeichuma. Ingiza mkono kwenye mdomo wa bati kama unaidondosha, lakini ibane tena. Papo hapo kushoto kunaachia moja. Ngaa! Masikio yamethibitisha ambacho macho hayakuona. Mkono wa kulia unatoka, unachuma nyingine nyuma ya sikio la mtu, na ni ileile. Kila sarafu mbili tatu, dondosha ile ya kulia kweli, mkono uonekane mtupu, kisha chota chache kutoka ndani uzimwage tena kwa kelele. Wakati wa kuchota unaondoka na moja.

Kinachoharibu ni muda. Sauti ikitangulia mkono hata kidogo, mchezo umekwisha. Sauti ikichelewa kidogo watu husamehe, kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa kuchelewa. Na kuachia sarafu moja moja kunahitaji kuzoezwa peke yake. Zipange zikipishana kama magamba ya samaki, kila moja iwe chini kuliko nyingine kwa milimita 3 hivi, uisikie kwa kidole kabla ya kuiachia. Zikilala sawasawa zitashuka mbili.

Kuhusu sikio: usiguse sikio la mtu bila ridhaa yake. Mkono upite kando ya shavu, sentimita 5 kutoka usoni inatosha. Na mkono uende moja kwa moja. Ukizunguka nyuma ya kichwa chake, walio pembeni wanaona sarafu kabla haijafika.

Mgeni Mezani

Na ile ya kuficha katikati ya kiganja, mkono ukiwa chini na vidole vimenyooka? Yangu inadondoka kila baada ya sekunde tano.

Mkono wa Kushoto

Hiyo ni ya miezi, isikukatishe tamaa. Sarafu haikai katikati hasa. Ukingo mmoja unabanwa na nyama nene iliyo chini ya gumba, wa pili unaegemea nyama iliyo chini ya kidole cha pete na cha mwisho. Isukume mahali pake kwa ncha za kidole cha kati na cha pete, kisha sogeza shina la gumba ndani kidogo tu. Wengi wanabana kwa gumba lote, likasimama kama kwato, na mkono ukaonekana umepooza. Nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko unavyodhani. Anza kiganja kikiwa juu, dakika tano. Kisha kigeuze ubavu, halafu kielekee chini. Sogeza sarafu milimita mbili tatu huku na huku mpaka upate pahala ambapo inakaa bila jitihada. Kila mkono una pahala pake, hakuna anayeweza kukuonyesha pako.

Ngozi nayo ina neno. Ikiwa kavu kama karatasi, sarafu inateleza. Ikiwa na jasho jingi, inateleza pia, au inang'ang'ania na kukataa kutoka. Inayofaa ni yenye unyevu kidogo. Mkavu apake losheni nusu saa kabla. Mwenye jasho anawe kwa sabuni na kukausha vizuri, na aifute sarafu mafuta.

Kiwiko

Kwa watoto nina mawili. Walio chini ya miaka mitatu usiwaachie sarafu mikononi, wanameza. Wakubwa kidogo ni wagumu kuliko watu wazima, kwa sababu hawatazami unapotazama wewe, na wako chini, wanaona kiganja chako kwa chini. Kaa sakafuni usawa wao, au tumia ile ya leso.

Mgeni Mezani

Wakisema "rudia tena" nifanyeje?

Bati

Usirudie ileile. Mara ya kwanza hawajui kitatokea nini, kwa hiyo hawajui pa kutazama. Mara ya pili wanajua, na macho yote yapo kwenye mkono wa kushoto. Fanya inayofanana kwa njia nyingine. Kama umeitowesha kwa mdondosho, itoe nyuma ya kiwiko chako, kisha iyeyushe kwa kusugua. Wao wanaona ni ileile imerudiwa, wewe umebadili njia, na aliyekuwa anavizia mdondosho ataukodolea mkono wa kushoto wakati mchezo uko kwenye ukosi wa shati.